Steringi Aliyeshindwa na Saa: Magemu ya Supahiro Kwenye Vibanda vya Temeke na Kinondoni

Mwaka 1994 yalitokea mambo matatu ambayo wakati ule hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyaunganisha. Tanzania Bara ilipata stesheni zake za kwanza za televisheni, ITV ikiwa mojawapo, miaka 21 baada ya Zanzibar kuanza kurusha matangazo yake ya rangi mwaka 1973. Kule Japani, mwezi Desemba, Sony ilianza kuuza PlayStation ya kwanza. Na mwaka huohuo Capcom, kampuni ya mjini Osaka, ilitoa X-Men: Children of the Atom, gemu lake la kwanza la kupigana ana kwa ana lenye mashujaa wa Marvel.

Haikupita miaka mingi, mambo yote matatu yakajikuta chumba kimoja. Chumba chenyewe ni cha tofali za saruji, pazia mlangoni, mabenchi mawili, na feni yenye kelele nyingi kuliko upepo. Kama umekulia Tandika, Mbagala, Mwananyamala au Manzese (ndiyo, najua Manzese siku hizi ni Wilaya ya Ubungo, ila miaka ile ilikuwa Kinondoni) huhitaji kuelezwa. Hicho ni kibanda cha gemu.

Sasa nikuulize swali ambalo limenisumbua muda mrefu. Supahiro alikuwa na kila sifa ya kutawala kibanda kile. Anaruka, anatoa moto mikononi, anamrusha mtu juu ya ghorofa. Watoto walishamjua kwenye katuni na kwenye filamu. Mbona basi ukiingia kibandani, kuanzia miaka ya 2000 mpaka leo, kwenye kioo kuna mpira? Ukimuuliza mtu yeyote atakujibu chapchap kwamba Watanzania tunapenda mpira. Sikatai. Lakini tunapenda pia ngumi, tunapenda filamu za Wachina za kareti, na vibanda vya video vilijaa watu kwa sababu hiyo. Mapenzi peke yake hayatoshi kueleza. Mimi nadhani jibu liko kwenye saa na kwenye sarafu, na ili tulione inabidi turudi nyuma kidogo.

Mlango uliochelewa kufunguliwa

Mwaka 1974 Serikali ilitoa amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta na televisheni Tanzania Bara. Kompyuta zilikuwa zimeleta matatizo kwenye hesabu za Wizara ya Fedha, na televisheni ilionekana anasa kwa nchi iliyokuwa inajenga ujamaa. Mlango ulianza kufunguka miaka ya 1980 biashara ilipolegezwa, na Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985 watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Hapo ndipo deki za video zilipoanza kuonekana mitaani, na vikazaliwa vile vibanda tunavyoviita vibanda umiza. Unalipa, unakaa kwenye benchi gumu, unaangalia filamu. Humo ndimo lilimokomaa neno "steringi", yaani yule mhusika mkuu ambaye kila mtu anajua hafi. Humo pia ndimo lilimovuma jina la Lufufu, mtafsiri wa filamu aliyekuwa anaweka maneno ya Kiswahili juu ya picha, mara nyingine maneno matamu kuliko ya wenye filamu yao.

Katika miaka hiyohiyo tuliyofungiwa mlango, wenzetu walikuwa wamepita hatua moja ambayo sisi tuliiruka. Tangu Space Invaders ya mwaka 1978, kijana wa Tokyo au Chicago alikutana na gemu kwenye mashine kubwa iliyosimama dukani, unatumbukiza sarafu, unacheza. Japani ilikuwa sarafu ya yeni 100, Marekani senti 25. Mtoto wa Buza hakulijua gemu kwa njia hiyo. Alilikuta tayari limeshahamishiwa kwenye CD.

Hili linaonekana dogo, lakini shika neno hili "sarafu". Mashine ile ya dukani ina mwenye duka, na mwenye duka anataka mashine imeze sarafu nyingi kwa saa. Kwa hiyo gemu likitengenezwa kwa ajili ya mashine ile, urefu wa mchezo si suala la sanaa peke yake. Pambano likiisha ndani ya dakika moja na nusu, aliyepigwa anatumbukiza sarafu nyingine au anampisha anayefuata, na biashara inaenda. Capcom walilijua hilo vizuri kwa sababu Street Fighter II ya mwaka 1991 iliwapa pesa nyingi kwa mtindo huohuo. X-Men: Children of the Atom, Marvel Super Heroes ya mwaka 1995, X-Men vs. Street Fighter ya 1996, Marvel vs. Capcom ya 1998, yote yalizaliwa kwenye mashine ya sarafu kwanza, nyumbani baadaye.

Gemu la mpira lililotamba kwenye vibanda vyetu lina ukoo mwingine kabisa. Winning Eleven ya Konami ilianza kwenye PlayStation, kwa watu waliokaa sebuleni kwao, hakuna anayewadai sarafu. Mtengenezaji hakuwa na sababu ya kukuharakisha. Alikupa saa ya mechi, akakuachia uipange mwenyewe: dakika tano, dakika kumi, unavyotaka.

Sasa zilete CD hizo mbili kwenye kibanda cha Tandika.

Hesabu ya mtoto mwenye mia mbili

Tuchukue mfano, namba ni za kuelezea tu. Kibanda kinatoza shilingi 200 kwa mechi, na sheria ya kibanda unaijua: aliyefungwa anatoka. Mechi ya mpira imepangwa dakika 10. Ukifungwa tano bila, kumi bila, umetukanwa na benchi zima, bado umecheza dakika 10. Kila dakika imekugharimu shilingi 20. Saa ya mechi inamlinda hata mzembe.

Kwenye gemu la ngumi saa ipo pia, ile inayohesabu kutoka 99 kushuka, lakini kazi yake ni kuzuia pambano lisizidi. Haikuhakikishii kwamba utacheza. Pambano linaisha damu ya mmoja ikiisha. Ukikutana na yule mkali wa kibanda (kila kibanda kina mkali wake, huwa hana haraka, anakaa kama mzee wa baraza) raundi mbili zinaisha ndani ya dakika moja na nusu. Mia mbili yako imekupa sekunde 90, sawasawa na shilingi 133 kwa dakika. Mara sita na zaidi ya bei ya mpira! Na katika hizo sekunde 90, nyingi umezitumia ukiwa umelala chini au umening'inia hewani.

Ukilitazama kwa upande wa mwenye kibanda utasema huyu angefurahi. Saa moja ya mpira inampa mechi 6, shilingi 1,200. Saa moja ya ngumi, tukiweka dakika mbili kwa pambano pamoja na kubadilishana viti, inampa mapambano 30, shilingi 6,000. Kwenye karatasi anatajirika. Lakini hesabu hiyo inadhani watoto wana mia mbili zisizoisha, kama yule mwenye duka la Tokyo alivyodhani, na pengine kwake ilikuwa kweli. Mtoto wa Mbagala aliyebakiza mia mbili ya chenji ya mkate anazo nafasi mbili: dakika kumi au sekunde tisini. Akishapigwa mara mbili na mkali, kesho anachagua mpira. Kesho kutwa na mkali mwenyewe anakosa wa kumpiga, anahamia mpira. CD ya supahiro inawekwa juu ya kabati.

Ndiyo maana vibanda vilivyotoza kwa muda, nusu saa au saa nzima, ngumi zilidumu zaidi kuliko kwenye vibanda vilivyotoza kwa mechi. Ukilipia nusu saa, kupigwa hakukutoi kwenye kiti. Unapigwa, unaanza tena, unajifunza. Na gemu la ngumi bila kujifunza ni mateso matupu.

Kilichokuwa kitamu

Isije ikaonekana naliponda. Magemu haya yalikuwa na utamu ambao mpira haukuwa nao, na utamu wenyewe una sayansi yake.

Anza na kombo, yaani mapigo yanayofuatana ambayo mpinzani hawezi kuyazuia akishapigwa la kwanza. Kombo iliingia kwenye magemu kwa bahati. Wakati wa kuijaribu Street Fighter II, mtayarishaji wake Noritaka Funamizu aligundua kwamba katika ile sehemu ya kuvunja gari unaweza kupenyeza pigo la ziada kati ya mapigo ya kawaida. Walidhani ni jambo gumu mno kwa mchezaji wa kawaida kulitegemea, wakaliacha ndani. Dunia nzima ikalitegemea.

Jinsi linavyofanya kazi ni hivi. Gemu la aina hii huchora picha 60 kwa sekunde, na kila picha tuite fremu. Ukipigwa, mhusika wako anayumba kwa fremu kadhaa, na katika fremu hizo pedi yako haifanyi kitu hata uibonyeze mpaka ipasuke. Pigo la pili likifika kabla hujamaliza kuyumba, muda unaanza upya. Capcom walipochukua wahusika wa Marvel wakaamua kulegeza kila kitu: unaweza kuunganisha pigo jepesi, la kati na zito kwa kubonyeza tu kwa mfuatano, kisha ukamrusha mtu juu, ukaruka nyuma yake mpaka juu ya kioo, mkaendelea kupigana huko hewani. Mtoto aliyeshika pedi kwa mara ya kwanza, asiyejua hata jina la mhusika wake, anabonyeza hovyo na kioo kinajaa moto. Kwa dakika hiyo moja na yeye ni steringi. Kwenye mpira anayeanza hapati hata pasi mbili.

Tena gemu halikutaka Kiingereza. Ngumi ni ngumi. Kibanda cha video kilimhitaji Lufufu, kibanda cha gemu hakikumhitaji mtu wa namna hiyo, maana benchi zima lilikuwa linatangaza lenyewe.

Kero za chuma, umeme na kioo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kero nyingi tulizozilaumu kwenye gemu hazikuwa za gemu.

Kwanza, ulichocheza kwenye PS One kilikuwa kimekatwa. X-Men vs. Street Fighter ya mashine ya dukani ilikuwa ya wawili kwa wawili: ukichoka unamwita mwenzako aingie katikati ya pambano, wewe unatoka kupumua na damu yako inarudi kidogo. Ili kubadilishana hivyo papo hapo, picha zote za wahusika wanne lazima ziwe tayari kwenye kumbukumbu ya mashine. PlayStation ilikuwa na megabaiti 2 za kumbukumbu kuu na 1 ya picha. Hazikutosha. Sega Saturn ilitatua kwa kuchomeka kadi ya ziada ya megabaiti 4, lakini PlayStation haikuwa na pa kuichomeka. Capcom wakaondoa kubadilishana, wakamwacha mwenzako atokee mara moja moja kukusaidia pigo na kuondoka. Marvel vs. Capcom ikapata dawa ileile. Kwa hiyo kama ulicheza magemu hayo kwenye PS One ukajiuliza wanasifia nini, ulikuwa na haki. Sehemu iliyosifiwa haikuwemo.

Pili, CD zenyewe. Nyingi zilikuwa za kunakili, na mashine ikawekwa chipu na fundi ili izikubali. Ujanja wake unavutia. CD halisi ya PlayStation, mwanzoni mwa ile njia yake inayosomwa na mwanga, ilikuwa na mtikisiko mdogo uliobeba herufi nne za utambulisho kulingana na eneo ilikouzwa. Mashine ya kawaida ya kunakili CD inakopi data yote lakini haiwezi kuchonga mtikisiko ule. Chipu ya fundi ilichofanya ni kuisemea CD uongo: mashine ikiuliza utambulisho, chipu inajibu. Tangu mwaka 1999 tuna Sheria ya Hakimiliki, na sina nia ya kumsafisha mtu, ila bila chipu ile sehemu hii ya historia ya Temeke isingekuwepo.

Chipu ikaleta kero nyingine. Umeme wetu ni wa Hz 50, kama Uingereza, na televisheni zetu zilifuata mfumo wa PAL unaochora picha 50 kwa sekunde. Marekani na Japani walitumia NTSC, picha 60. Ukiweka CD ya Kimarekani kwenye TV iliyojua PAL tu, unapata picha isiyo na rangi, au inayopanda juu kama lifti. Ukiweka CD ya Ulaya, rangi ipo, lakini wahamishaji wengi wa enzi ile hawakujisumbua kurekebisha mwendo. Gemu lililopangwa kwa fremu 60 likachorwa 50 kwa sekunde, na kila kitu kikapungua kasi kwa karibu asilimia 17, pamoja na mistari mieusi juu na chini ya kioo. Wolverine anatembea kama ana homa.

Lakini sasa irudishe hii kwenye hesabu yetu ya mia mbili. Pambano la sekunde 90 kwa Hz 60 linachukua sekunde 108 kwa Hz 50. Ule uzito uliotuudhi ulimpa mtoto sekunde 18 za bure. Na si hizo tu. Binadamu anahitaji kama robo ya sekunde kuona kitu na kubonyeza kitufe. Pigo linalojitokeza kwa fremu 13 linakupa milisekunde 217 kwenye NTSC, na 260 kwenye PAL. La kwanza huenda likakupita, la pili una nafasi ya kulizuia. Nasema kwa utani nusu, lakini PAL ilikuwa rafiki wa wanyonge.

TV ya chogo ilikuwa na wema mwingine ambao hatukuujua mpaka ilipoondoka. Inachora picha papo hapo kadiri ishara inavyofika. TV bapa inapokea picha, inaichakata, inaitanua ijae kioo, ndipo inaonyesha, na kazi hiyo kwenye TV nyingi za bei nafuu inakula makumi ya milisekunde, yaani fremu mbili tatu au zaidi. Kwenye mpira hutalalamika sana. Kwenye ngumi, fremu tatu ndiyo tofauti ya aliyezuia na aliyerushwa juu. Mwenye kibanda alipobadilisha TV ili kibanda kipendeze, bila kujua aliwaongezea mzigo wachezaji wa ngumi tu.

Na umeme. Mwaka 2006 na tena 2011, ukame ulipokausha mabwawa, mgawo ulifika kila mtaa. Mechi ya mpira ikikatika unalalamika na kudai pesa yako. Lakini Marvel vs. Capcom 2 ilifungia wahusika wake wengi, na unawafungua mmoja mmoja kwa pointi za kucheza muda mrefu. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi kwenye memori kadi, kazi ya mchana mzima imekwenda.

Binti wa Kikenya kwenye gemu la wanne

Hiyo Marvel vs. Capcom 2, iliyotoka mwaka 2000 na kufika PS2 mwaka 2002, ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. PS2 ilikuwa na megabaiti 32, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kukata kitu. Watatu kwa watatu, kubadilishana kupo, wahusika 56. Fanya hesabu ya kuchagua watatu kati ya 56: 56 mara 55 mara 54, gawa kwa 6. Unapata timu 27,720. Ukicheza timu kumi kila siku bila kurudia, utahitaji zaidi ya miaka saba kuzimaliza.

Kwa vitendo hazikuwa 27,720. Wachezaji wakubwa wa Marekani, akina Justin Wong, walipoichambua miaka ya mwanzo ya 2000 waligundua kwamba wahusika wanne wako juu ya wote: Magneto, Sentinel, Cable na Storm. Waliobaki wengi walikuwa pambo. Ukiwachagua watatu kati ya wale wanne, unapata timu 4 tu. Na baadhi ya wahusika walikuwa na kombo zisizo na mwisho, ambazo mjuzi akikukamata unaweka pedi chini mapajani na kusubiri ufe. Hakuna kitufe cha kujiokoa. Ile hesabu ya shilingi 133 kwa dakika, hapa naona hata aibu kuirudia.

Ila mtazame Storm. Jina lake Ororo Munroe, alibuniwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975, na hadithi zinasema mama yake ni binti wa kifalme wa Kenya. Tunapokutana naye mara ya kwanza yuko Kenya, wanakijiji waliopigwa na ukame wanamwomba mvua. Ni Kenya ya kubuni, ya nyasi na ngoma, nami siisifii. Nairobi ya mwaka 1975 haimo. Lakini kwenye gemu lenyewe mambo yanageuka. Kati ya mashujaa 56, yule ambaye asili yake imewekwa Afrika Mashariki ni mmoja wa wanne wasioshikika. Anakimbia hewani, hakuna anayemfikia. Watoto wangapi waliomchagua Mwananyamala walijua kwamba ni jirani yao? Gemu halikusema popote.

Mashujaa wa DC walichukua njia tofauti. Injustice: Gods Among Us ya mwaka 2013 ina hadithi nzito kuliko filamu nyingi: Joker anamlaghai Superman mpaka anamuua mke wake kwa mikono yake na mji wake unalipuka, naye kwa uchungu anageuka dikteta wa dunia. Steringi amekuwa adui! Hilo lingezua ubishi wa wiki nzima kwenye benchi. Lakini hadithi inasimuliwa kwa Kiingereza, saa kadhaa, mchezaji mmoja. Nani atalipia mia tano aangalie watu wanaongea? Kibandani lilichezwa pambano la wawili tu, kuinua gari na kumpiga nalo mwenzako, na hadithi ikabaki ndani ya CD. Hapo, kwa kweli, ndipo Lufufu alipohitajika.

Baada ya kibanda

Kwa wenye kununua kihalali mambo nayo hayakuwa shwari. Mkataba wa Capcom na Marvel ulipokwisha, mwezi Desemba 2013 Marvel vs. Capcom 2 iliondolewa kwenye maduka ya intaneti. Kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka mkusanyiko mpya ulipotoka mwaka 2024, mtu wa California mwenye pesa yake hakuweza kulinunua upya kwa njia hiyo, huku CD ya kunakili iliyochubuka ikiendelea kuzunguka kwenye PS2 ya mtu fulani. Wanahistoria wa teknolojia wana kazi ngumu ya kueleza nani hasa alilihifadhi gemu lile.

Kenya, jirani zetu, gemu la ngumi lilipata njia nyingine: mashindano. Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, mchezaji wa Tekken, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya Marekani ya UYU. Tekken si ya supahiro, lakini angalia mashindano yanafanya nini. Yanaondoa mia mbili mezani. Umeshajiandikisha, umekuja siku nzima, na aliyekupiga anaweza kukaa pembeni na wewe akakuonyesha amekupigaje.

Kwetu supahiro alihamia kwenye simu. Injustice ilikuwa na toleo la simu tangu 2013, na Desemba 2014 ikatoka Marvel Contest of Champions ya kampuni ya Kabam. Bure kupakua. Hakuna mkali wa kibanda, unatelezesha kidole tu, Spider-Man anapiga. Ila ukicheza kidogo nishati ya timu yako inaisha, na unaambiwa usubiri ijae polepole, au ulipe. Na bando lako linakwenda wakati huohuo. Ile yeni 100 imerudi, imevaa nguo nyingine.

Siku ukipita Rangi Tatu au Manzese na umekuta kibanda, kabla hujaangalia kwenye kioo, muulize mwenyewe anatoza kwa mechi au kwa muda. Akisema kwa mechi, mimi naweka dau kwamba ndani wanacheza mpira. Akisema kwa muda, chungulia. Halafu tuandikie ulichokikuta, tuone kama hesabu yangu inasimama.